Nesi Aliyeishia Darajani

Oleta Ratliff hakuwahi kugombea kitu chochote maishani mwake, hata uenyekiti wa kwaya, lakini kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyeshinda uchaguzi katika kaunti yetu bila kula maharage yake. Nasema kwa ushahidi. Mimi ndiye karani wa daftari la wapiga kura hapa, na matokeo yote hupita mezani kwangu. Kila Oktoba wanasiasa huja kwenye ukumbi wa wazima moto kula maharage na mkate wa mahindi pamoja nasi. Oleta ndiye mpishi, na Oleta ndiye anayesimama kuwatambulisha wageni. Ukitambulishwa na yeye, umepita. Ukiachwa mpaka mwisho, rudi tu ukauze magari yako.

Dwight Lunsford, mbunge wetu, ni Oleta aliyemwokota. Alikuwa wakili kijana, viatu vimelika visigino, hana ukoo hapa bondeni. Oleta alimlisha, akamfundisha kumuulizia kila mtu hali ya mama yake kwa jina, akazunguka naye nyumba kwa nyumba mvua ikiwanyeshea. Dwight akaenda Washington, kwenye Baraza la Wawakilishi, na mpaka leo humwita Oleta shangazi ingawa hawana hata tone moja la damu.

Mume wa Oleta, Hobert, alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na moja, na vumbi likamkaa mapafuni. Alishinda kwenye kiti karibu na dirisha, mpira wa hewa puani, mashine ikinguruma pembeni. Alikuwa na ombi moja: afie ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Hakutaka nyumba ya wazee iliyo mwendo wa saa mbili, ambako kaka yake alipelekwa akakaa miaka minne akiutazama ukuta. Lakini Oleta alishatimiza sabini na moja na mgongo wake ni mbovu. Bila nesi wa kuja kila siku, asingeweza kumgeuza wala kumwogesha.

Basi Dwight alikuja, akaketi barazani kwao, mimi nikiwepo.

"Shangazi, naleta mswada. Mchimbaji mwenye mapafu ya vumbi atapata nesi nyumbani kwake, Washington italipa."

"Kila mchimbaji?"

"Kila mchimbaji."

"Hata huyu mkorofi wangu?"

"Huyo kwanza kabisa," akasema, na Hobert akamwambia aache maneno mengi, anywe kahawa yake kabla haijapoa.

Siku ya kura, alasiri moja ya Aprili, tulikaa sebuleni kwao tukitazama ile stesheni inayoonyesha Bunge kutwa nzima, ambayo sidhani kama ina watazamaji wengine zaidi yetu na wafungwa. Dwight alisimama, akalitamka jina la Hobert Ratliff mbele ya taifa zima. Akasimulia mikono yake, kikohozi chake, kiti chake cha dirishani. Oleta alilia. Hobert alicheka mpaka akakohoa.

"Mbona anaongea kama nimeshakufa?"

"Nyamaza wewe, unatangazwa."

Kura zikahesabiwa kwenye kioo, za ndiyo zikazidi. Wiki chache baadaye Seneti nayo ikapitisha, Rais akatia saini. Dwight akatuma bendera iliyopepea juu ya jengo la Bunge, kama wabunge wanavyowafanyia watu wao wa nyumbani, na cheti chake. Oleta akaiweka kabatini, akaenda kupiga deki chumba, akatundika taulo mpya mbili msalani kwa ajili ya nesi.

Mwezi wa sita nesi akaja. Akaenda kwa Virgil Estep.

Virgil alichimba na Hobert shimo moja, zamu moja, vumbi lile lile. Tofauti ni kwamba anakaa ng'ambo ya mto, maili nne tu baada ya daraja, na katikati ya lile daraja jimbo letu linaisha na jimbo lingine linaanza.

"Hobert! Nesi wangu ananinyoa mpaka ndevu!" alipiga simu kutamba. "Wako hodari?"

"Wangu bado yuko njiani," Hobert akajibu, akamtazama mkewe.

Hapo ndipo danadana ilipoanza. Oleta alipiga simu ofisi ya Dwight Washington, akajibiwa na binti mmoja mwenye sauti ya sukari.

"Mama, sheria ipo. Ila kila jimbo linaamua lenyewe kuingia au kutoingia. Jaribu kwa watu wa jimbo lako."

Akampigia Garland Pruitt, anayetuwakilisha kwenye bunge la jimbo, mtu tuliyesoma naye.

"Dada Oleta, hayo mambo ni ya Washington. Leo wanalipa wao, kesho wanatuachia mzigo sisi."

"Basi simameni mkatae hadharani, tuwaone."

"Mwenyekiti wa kamati hakuupanga mswada wa kuingia kwenye ratiba. Usipopangwa haupigiwi kura."

"Ataupanga lini?"

"Tunakaa miezi michache tu kwa mwaka, na tumeshafunga. Labda Januari."

"Hobert si mtu wa kuahidiwa Januari, Garland."

Nilidhani atachoka. Mwezi wa nane akaja ofisini kwangu, akaweka mkoba mezani. "Jonelle, wewe unajua makaratasi. Nitafutie nani alikichomeka hicho kifungu cha majimbo kuamua. Nakumbuka Dwight alisema kila mchimbaji."

Nilitafuta siku mbili. Kumbukumbu za kamati za Bunge zipo wazi kwa yeyote, ila zimeandikwa kwa namna ya kumlaza mtu usingizi. Nilipoupata ukurasa wenyewe nilitamani kuuchana. Mwanzoni mswada ulisema "kila mchimbaji". Februari, ndani ya kamati, likaletwa rekebisho: "kila mchimbaji, katika majimbo yatakayokubali". Mwenyekiti akauliza wanaoafiki, wakasema ndiyo. Wasioafiki, wakasema siyo. Akaamua kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Hakuna aliyehesabiwa na hakuna jina la mpiga kura lililoandikwa. Jina lililoandikwa ni la aliyelileta rekebisho, kwa kuwa hilo ni lazima liandikwe: Bwana Lunsford. Na maneno yake machache ya kulitetea yapo: "Watu wa kwetu hawapendi kuamriwa na Washington."

Ningeweza kumwambia sikupata kitu. Nilimpa.

Aliisoma amesimama, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye jina alirudi juu akaanza upya. Uso haukubadilika, ila alikaa chini taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Watu wa kwetu," akasema. "Kwani mimi ni mtu wa wapi, Jonelle?"

Oktoba ilifika na maharage yakapikwa. Nilimwambia asipike mwaka huo, akaniambia watu wana njaa, kosa si lao. Dwight aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, mikono imetanuliwa.

"Shangazi! Harufu hii naisikia tangu barabarani!"

"Kaa, Dwight."

"Watu wananisubiri ukumbini."

"Nesi tumemsubiri miezi. Na wewe watakusubiri."

Akatoa ile karatasi kwenye aproni. Mimi nilikuwa nasugua masufuria, na sikutoka. Dwight aliitazama kidogo tu. Aliijua.

"Bila kifungu hicho mswada usingepita, shangazi."

"Huo ni ukweli au hotuba?"

"Nusu kwa nusu."

"Hotuba zako nishazisikia. Nipe ukweli."

Dwight akashusha sauti. "Januari bunge la jimbo linachora upya mipaka ya maeneo yetu ya uchaguzi. Ni wao wanaochora, si sisi wa Washington. Wakubwa wa kule waliniita. Wakasema nikiwaletea sheria ya kuwalazimisha, watalikata eneo langu vipande viwili, nikose pa kugombea. Sasa nikikosa kiti, nani atawasemea?"

"Ulijua hawa wa kwetu hawataingia."

"Nilijua."

"Ukasimama ukamtaja Hobert ukijua."

Dwight akanyoosha mkono kumshika bega, Oleta akaukwepa, akafungua oveni kutazama mkate.

Jioni ile hakumtambulisha. Dwight alipanda mwenyewe, akasifu maharage, akatania kuhusu tumbo lake, ukumbi ukampigia makofi. Nisiwaseme wengine nikajiacha. Hata mimi nilipiga, sahani ikiwa mapajani, kwa kuwa mikono ilishazoea.

Januari bunge la jimbo likafungua. Mipaka ikachorwa, eneo la Dwight likatoka limenona. Habari ya manesi haikupangwa. Februari Hobert alianguka msalani, akakaa sakafuni saa nzima kabla jirani hajaja kumwinua. Daktari akasema ni nyumba ya wazee, au wahamie mahali penye nesi.

"Nyumba hii niliijenga," Hobert akasema.

"Najua. Nilikushikia misumari."

"Sasa unanitoa."

"Sikutoi mimi, mzee wangu," Oleta akamwambia. "Umetolewa na watu wa kwetu."

Walivuka daraja na vitanda viwili na kile kiti, wakapanga nyumba ya matairi, ile ya kuvutwa na lori, jirani na kwa Virgil. Ili wapate nesi walitakiwa wathibitishe kuwa ni wakazi wa jimbo lile, kwa hiyo Oleta akabadilisha leseni ya udereva. Kwenye fomu kulikuwa na vijisanduku vingi, na yeye, akiogopa kuacha kimoja nesi asije, akavitia alama vyote. Nesi alikuja siku ya tatu. Alikuwa mtu mwema, na Hobert alikuwa msafi na hakuanguka tena. Lakini kila asubuhi aliuliza dirisha lake liko wapi. Alifariki mwishoni mwa Septemba, kwenye chumba cha kupanga, ukuta wa plastiki mbele yake. Tulimrudisha upande wetu kumzika.

Oleta alirudi nyumbani kwake wiki ya pili ya Oktoba. Hakupika. Novemba, siku ya uchaguzi, aliingia ofisini kwangu asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, ile leseni mkononi.

"Kituoni wananiambia simo," akasema. "Nimewaambia ni makosa, Jonelle atarekebisha."

Nilikuwa nimeiona taarifa ile tangu Machi. Kimojawapo cha vile vijisanduku kilikuwa cha kujiandikisha kupiga kura, na wenzetu wa ng'ambo walituandikia kwamba Oleta Ratliff sasa ni mpiga kura wao. Sheria inasema nini hapo ninaijua kwa moyo: mtu haandikwi majimbo mawili. Nilimfuta mchana ule ule, nikaenda kula. Na daftari la kujiandikisha upya kwetu lilikuwa limefungwa wiki moja kabla hajarudi. Mwezi ule alikuwa na maiti ya kuzika, na mimi sikumkumbusha.

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kule siishi tena."

"Ndiyo."

"Na huku siko."

"Kwa leo, hapana."

"Ni nani aliyenifuta?"

"Ni mimi, Oleta."

Akaitazama leseni, akanitazama. "Nilitaka kumnyima kura moja tu," akasema. "Ile niliyompa ya kwanza."

Dwight alishinda kwa kura elfu arobaini na kitu. Nilizijumlisha mwenyewe, nikatia saini.