Oili Nzito

Muuza oili akimwona fundi anaingia dukani huinuka kitini, maana anajua huyu hachagui kwa macho. Fundi huchovya kidole kwenye kila pipa, huisugua oili baina ya gumba na kidole cha shahada, halafu huinusa amefumba macho. "Nyepesi hii," husema. "Gari zee, vyuma vimeshalika. Ikipata moto kwenye kona za mashindano, itakuwa maji." Kisha hubeba ile nzito, siku zote ile ile. Leo muuza oili alishindwa kujizuia. "Kaka, si binti yako siku hizi anaendesha magari mapya ya watu mashindanoni, huko mbali? Hilo lako linalala tu bandani. Chukua nyepesi, yatosha."

"Akija je?" fundi akamjibu. "Yule ana mguu mzito kwenye mafuta, kama wa marehemu mama yake."

Nyumbani alijilaza chini ya gari, akafungua nati, oili ya zamani ikatiririka kwenye beseni. Enzi za binti kushindana nalo ilikuwa ikitoka nyeusi tii, inanuka kuungua, naye fundi akimpigia kelele kutoka huko chini: "Leo umelichapa, mwanangu!" Sasa akachovya kidole, akasugua, akanusa, akanusa tena. Ilikuwa na rangi ya asali, vile vile alivyoimimina. Akafunga nati, akatia mpya. Halafu akaingia kwenye gari, akaliwasha, akakanyaga mafuta papo hapo lilipo mpaka mabati ya banda yakatetemeka, ili mara ijayo oili itoke walau ikinuka kuungua kidogo.