Siku Nilipotaja Sumu Kwenye Posa ya Mdogo Wangu

Kuficha siwezi tena, Waswahili wote wa Toronto wameshaisikia na wengine wameitia chumvi, basi bora niisimulie mwenyewe, na nikisimulia damu inanichemka. Nimejikasirikia mimi, na kidogo (haya, sana) nimeikasirikia simu yangu.

Mimi ni mtu wa nyumbani, kidato cha nne nimemaliza kwa kudra, nikitoka kazini ni kochi na blanketi hapa Agincourt. Sasa mdogo wangu Salimu, kamngojea Zuhura miaka minne, akanifanya mshenga kwa kuwa kaka mwingine huku hana. Mama akanipigia kutoka Tanga, akanipa maneno yote: salamu, tumekuja kuomba ua, kaa chini. "Usiongeze la kwako," akasema.

Nikaongeza la kwangu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeona video kwenye simu, inasema neno gift, ambalo Mwingereza akisema anamaanisha zawadi, kwa Mjerumani ni sumu, na Mswidi ndiye kiboko, kwake ni sumu na pia ni mtu aliye kwenye ndoa. Nikajiambia, hili litawachekesha wazee (msomi mimi!).

Tukafika kwao, ghorofa ya kumi na moja, Kingsview Village. Halua, udi na doti za kanga zikapangwa mbele ya Mzee Bakari, baba yake Zuhura, na shangazi yake, Bi Mgeni. Salamu nikazitoa vizuri. Kisha nikanyoosha kidole kwenye sinia.

"Wazee wangu, Mjerumani akiziona gift hizi atasema tumewaletea sumu!"

Nikacheka. Peke yangu. Mwenye akili angekaa, mimi nikadhani hawajaelewa, nikarudia polepole, nikawapeleka mpaka Uswidi, "na huko ndoa na sumu ni neno moja!"

Bi Mgeni akaifunika halua kwa ushungi wake. "Vitu vya posa havitamkiwi ubaya, mwanangu. Hivi umeshavitamkia."

"Utani tu, shangazi."

"Utani na nani? Wewe Mdigo, sisi Wadigo. Au utani wa mashemeji? Ushemeji wenyewe si ndio umekuja kuuomba?"

Hapo nikafanya la mwisho la kipumbavu, nikatoa simu. "Lakini ni kweli, ngojeni niwaonyeshe..."

Salimu akanipokonya. Mzee Bakari hakupandisha hata sauti: "Chukueni vitu vyenu. Mkirudi, mje na mshenga mwingine."

Tukatoka na sinia. Majirani wa kike pale koridoni, kuona watu wamevaa vizuri na masinia, wakadhani mambo yamejibu, wakatupigia vigelegele hadi mlango wa lifti ulipojifunga. Na mimi, punguani, nikawapungia mkono! Salimu akatazama sakafu mpaka lifti ikafika chini. "Miaka minne, kaka," akasema, basi.

Wiki tatu baadaye alirudi huko na mzee mmoja wa msikitini, asiyejua hata Uswidi iko wapi. Sikuambiwa siku. Niko mji mmoja na mdogo wangu, na habari nikaipata kutoka Tanga.

"Wamekubali," Mama akasema. "Salimu kaniomba nikwambie mimi."

Harusi ni mwezi ujao. Naapa mbele yenu, nitabeba viti, nitaosha masufuria, na atakayeniomba neno nitamwambia "amina", nikae.