Minyaa ya Susu

Juzi kijana wa Mutuku alikuja kwangu kuomba matawi ya minyaa ya kupanda. Shamba lao, lililo juu ya letu mteremkoni, limebaki mawe. Nilipoyakata, harufu ile chungu ilinirudisha utotoni.

Alasiri moja baba yake alikuwa akifyeka minyaa ya ua wetu wa mpakani, apate mistari miwili zaidi ya mahindi. Utomvu mweupe uliruka kila panga liliposhuka. Nilikimbia kumwita Susu, nyanya yangu, nikitarajia matusi.

“Kata yote, Mutuku,” alisema tu. “Usibakishe hata mmoja.”

Nililia kwa aibu, nikidhani ameogopa. Kisha tuliokota matawi, tukayalaza kivulini.

“Tunangoja nini, Susu?”

“Utomvu ukauke. Ukiyapanda yakiwa mabichi, yanaoza.”

Baada ya siku chache tuliyapanda chini kabisa, mwisho wa shamba letu, mahali pasipo na jirani. Nikaona sasa amechanganyikiwa.

Mvua zilipokuja, udongo wa Mutuku uliteremka bila kizuizi, ukaja kukwama kwenye minyaa yetu. Mwaka baada ya mwaka. Ndio huo ninaolima leo, na migomba yangu imenenepa.

Kijana aliitazama migomba hiyo. Nilimfungia mzigo mzima, utomvu ukimdondokea viatuni.

“Nipande lini, mama?”

“Leo leo,” nikamwambia. “Usingoje hata kesho.”