Vidole vya Mzee Mkunjo

Mtaa mzima ulimwita Mzee Mkunjo, maana suruali ikitoka kwake, ule mkunjo wa mbele ungeweza kukata mkate. Dobi wa miaka thelathini na ushee, pasi ya mkaa, chumba cha mbele cha kazi, cha nyuma cha kulala. Na vile vidole, jamani! Anaokota kaa la moto kwa mkono, analirudisha ndani ya pasi huku anakupigia stori. Watoto wakishangaa anawaambia, "Mimi na moto tulishagombana, yeye ndiye aliyeomba msamaha."

Watu wanacheka mpaka basi. Ila kuna kitu alikuwa hasemi: vidole vyenyewe vilishakufa ganzi kitambo. Moto, baridi, kwake ni mamoja.

Kitambo lini? Binti yake alikuwa na miaka minne. Mama mtu kasafiri msibani, mtoto kalala mchana kutwa, hali, hachezi. Mkunjo akaja, akamwekea vidole kwenye paji la uso, akaona sawa tu. "Hana kitu huyu, uvivu," akarudi kwenye mashati yake. Kumbe homa inamchemsha mtoto kama sufuria! Alipona, ndiyo, lakini masikio hayakusikia tena. Mkewe alikufa bila kuambiwa. Na binti, sasa mtu mzima, anajua tu kwamba aliugua utotoni. Watu wakisema ni mipango ya Mungu, baba yake anaitikia kwa kichwa.

Sasa huyo binti ana mtoto wake wa miaka mitatu, wanamwita Kifungo, kwa sababu kila kifungo kinachodondoka kwa babu anakiokota yeye. Asubuhi moja Kifungo kaamka anawaka. Mama yake kamwekea shavu, kajua hapo hapo. Kampa dawa ya maji, ikarudi yote juu ya shuka. Mtoto huyo bwana, hata kijiko akikiona kwa mbali anatapika.

Mama akamwambia babu kwa ishara za mikono, haraka haraka, kavaa kiatu kimoja: nenda duka la dawa, chukua ile ya kuweka nyuma. Nikikosa kazini leo wananifukuza, nitarudi mchana. Mwangalie. Homa isiposhuka mpeleke hospitali, usinisubiri.

Muuza dawa, msichana mcheshi, akauliza kilo za mtoto, akampa inayomfaa. "Babu, unamlaza ubavu, unaisukuma taratibu. Ikipita saa moja mguse, uone kama imeshuka. Na uitunze pabaridi, sawa?"

"Nitamgusa," babu akasema. Mdomo huo!

Nyumbani akaiweka kwenye rafu iliyo juu ya meza ya pasi, akaenda kumvua mtoto nguo. Kurudi, dawa imelegea kama mshumaa juani. Akapiga simu.

"Mwanangu, imelainika."

"Babu, umeipiga pasi?" Msichana alicheka mpaka akakohoa. "Usiifungue. Itumbukize kwenye maji baridi na ganda lake, ikikaza ndiyo umpe."

Ikakaza.

"Babu, hakuna kijiko?" Kifungo akauliza, kajikunyata.

"Hakuna, mama. Leo babu hana kijiko hata kimoja."

Akamlaza ubavu, akaisukuma, akambana makalio kidogo isirudi. Mtoto akalia, akanyamaza, akalala.

Saa moja ikapita. Mzee akaweka vidole kwenye paji. Havikumwambia kitu. Na yale maneno yakaja yenyewe, kama vile yalikuwa yamekaa mdomoni miaka yote: hana kitu. Akauma ulimi. Akainama aweke shavu kama anavyofanya binti yake, lakini shavu lenyewe limeshinda juu ya pasi, la moto. Atajuaje?

Basi akafanya jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona mchana kweupe: akaumwaga mkaa wote nje, akaumwagia maji, mvuke huo!

"Mzee Mkunjo! Na shati langu?" mteja akapiga kelele dirishani.

"Shati lako halina homa! Subiri!"

Akanawa uso mara tatu, akakaa mlangoni mpaka shavu likapoa. Ndipo akainama. Shavu kwa shavu. Jasho, na uvuguvugu tu, kama shati lililopigwa pasi kitambo kidogo. Imeshuka.

Kumbe ni kuinama tu. Mzee akabaki pale pale, machozi yanamwagika kwenye nywele za mtoto, maana ile siku nyingine hakuinama.

Binti aliporudi mchana alimkuta hivyo hivyo. Mikono yake ikauliza: bado ana homa?

Imeshuka.

Mbona unalia?

Mzee akainua mikono, akaishusha, akainua tena. Vidole vyangu vimekufa, akasema. Hata siku yako vilikuwa vimekufa. Nilikugusa, nikasema huna kitu, nikaenda kupiga pasi.

Binti hakumtazama usoni. Aliutwaa mkono mmoja, akakigeuza kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta mwiba. Halafu akaurudisha taratibu juu ya goti la baba yake, akamnyanyua Kifungo, akamkumbatia, akageukia ukutani.

Mikono yake ilikuwa imejaa mtoto, haikuweza kusema lolote. Baba yake akakaa pale karibu na pasi iliyopoa, anaisubiri mikono ile iwe mitupu.