Bi Verna na Chatu Wake wa Rangi ya Pichi

Jua limeshapanda juu ya mialoni, na Bi Verna Tidwell amemaliza kikombe cha pili cha kahawa akiwa amesimama. Anasukuma mlango wa banda lililo nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji wa Bartow, Florida. Miwani inapata ukungu kwa joto la humo ndani. Anaivua, anaifuta kwa pindo la blauzi, kisha anavuta droo ya kwanza.

Ndani ya droo amelala chatu. Si yale majoka ya kumeza mbuzi. Hawa ni chatu wafupi, wanene, wapole, ambao ukiwashtua hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Bi Verna anamwinua na kumpitisha taratibu juu ya kidole gumba, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotelea ndani ya soksi. Anatafuta mayai machanga.

"Huyu bado," anasema, anamrudisha. "Huyu naye mvivu, kama baba yake. Huyu... haya, huyu ameanza."

Droo ya mwisho anaivuta polepole kuliko zote. Humo yumo Maybelle, na rangi yake ni ya pichi lililoiva, wekundu upande mmoja, unjano upande wa pili. Amejizungusha kwenye bakuli la maji, tumbo ameligeuza juu. Kila mfugaji anajua maana yake. Mwili wa jike unajiandaa kutaga, hata kama hajapandwa.

"Usinifanyie hivyo, mama," Bi Verna anamwambia, na kumfungia droo.

Maybelle hawezi kuzaa. Majike wote wa rangi ya Pichi hawawezi. Hilo Bi Verna, mwenye umri wa miaka sabini na moja, alilijua akiwa amechelewa, na likamtia uchungu ambao mpaka leo haujamwisha.

Yeye na marehemu mumewe, Harlan, waliishi kwa machungwa. Harlan aliendesha lori la machungwa mpaka ugonjwa ulipoingia mashambani na miti ikaanza kufa imesimama. Nyoka walikuwa mchezo wake wa Jumapili tu. Siku moja, kwenye maonyesho ya nyoka huko Daytona, akakuta kwa mchuuzi mmoja rundo la vitoto vya chatu vilivyotoka Afrika Magharibi. Vyote vilikuwa vya kahawia, isipokuwa kimoja.

"Akaja nacho ndani ya foronya," anasimulia Bi Verna. "Foronya yangu ya harusi! Nikamwambia, Harlan, huyo na alale humo humo, mimi foronya hiyo siitaki tena."

Kile kitoto kilikuwa dume. Kilipokua kikapandishwa kwa jike wa kahawia, na karibu nusu ya watoto wakatoka na rangi ya baba. Harlan akaiita Pichi. Wa kwanza waliuzwa dola elfu nne kila mmoja, na watu walikuja kutoka Texas na Ohio kuwaona.

Hizo ndizo siku anazozikumbuka Bi Verna, na haoni haya kusema anazitamani. Mtoto wa chatu hupasua yai mwenyewe kwa kijino cha puani. Pua ya kwanza ikishachungulia, mfugaji hukata mayai yaliyobaki ili aone bahati yake. Kwa akina Tidwell, siku ya kukata mayai ilikuwa sikukuu. Simu zilipigwa, majirani wakaja na watoto wao, sufuria ya karanga za kuchemsha ikawekwa uani, kambare wakakaangwa, chai ya baridi ikamiminwa mpaka birika likakauka.

"Kila mgeni anaoneshwa yai lake," anasema. "Harlan anakuja na mkasi wake wa kucha, anakata kidogo, anafunua. Watu wamenyamaza kama kanisani. Rangi ikionekana, basi, hapo ni makelele mpaka mbwa wanakimbia."

Kosa lao walilifanya wakati huo huo wa raha, na walilifanya wafugaji wote waliokuwa na Pichi. Katika kazi hii jike ni mali na dume ni ziada. Dume mmoja anatosha banda zima, lakini kila jike ni tumbo jingine la mayai. Kwa hiyo majike wakawekwa, wakalishwa panya miaka mitatu mpaka wakakomaa. Madume wakauzwa bei ya kutupa, wakapelekwa maduka ya wanyama, wakagawiwa watoto wa majirani. Banda la Bi Verna likajaa majike saba wa Pichi.

"Tulikuwa tukiwapita tunawaangalia kama watu wenye duka," anasema.

Majike wakapandwa. Wakavimba. Halafu wakataga viza, mayai ya njano na magumu kama mshumaa, yasiyo na kitu ndani. Harlan akalaumu joto la banda, akabadilisha nyaya. Akalaumu panya, akabadilisha panya. Simu zikaanza kulia kutoka kila upande, kila mtu akimtuhumu mwenzake kumuuzia nyoka mgonjwa. Mwaka uliofuata mayai yakakwama tumboni mwa jike wao mmoja, naye akafa. Kisha wa pili.

Harlan akatoa dume bandani, hakumrudisha tena, hata kwa majike wa kahawia. Alikwenda Daytona, akaweka kipande cha boksi juu ya meza yake tupu, kimeandikwa kwa kalamu nene: MSIWAPANDISHE MAJIKE WA PICHI, MTAWAUA. Wako waliomshukuru. Wengi walimnunia, kwa kuwa walikuwa na majike wa kuuza. Uani hapakuwa na karanga tena. Moyo wa Harlan ukasimama miaka michache baadaye, na dume la foronya likamfuata mwaka ule ule.

Majike wengine wa Pichi nao wakafa mmoja mmoja, akabaki Maybelle. Ilivyo, Pichi hupita kwa dume tu, na madume walishatawanyika, hakuna anayejua wako wapi. Maybelle akifa, rangi ya Harlan nayo imekwisha.

Jirani yake Ruben Oquendo, fundi wa viyoyozi ambaye naye anafuga chatu, alimshauri ajaribu bahati.

"Bi Verna, mpandishe mara moja tu," alimwambia. "Huenda huyu ana mwili tofauti."

"Dada zake wamelala pale chini ya mbalungi. Ukitaka kujaribu, kwanza kachukue sepetu ulete hapa."

"Aa, basi. Mimi nimesema tu."

"Umesema, nimekusikia. Sasa nenda kanitengenezee kiyoyozi."

Ruben alitengeneza kiyoyozi, lakini pia alimpiga Maybelle picha, akaitundika Facebook na maneno machache: Nani ana dume kama huyu?

Majibu mengi yalikuwa ya mzaha. Mwezi mmoja baadaye, gari la fundi bomba liliingia uani kwa Bi Verna. Akashuka mwanamume mwenye ndevu, ameshika foronya yenye picha za katuni, imefungwa fundo.

"Bi Verna, hunikumbuki," alisema. "Mimi Wade, mtoto wa akina Futch wa Plant City. Mimi ndiye niliyelia."

Hapo akamkumbuka. Siku moja ya kukata mayai, watoto wenzake wote walipata Pichi, yeye yai lake likatoa chatu wa kahawia, akaangua kilio mpaka kambare hakumla. Harlan akachukua dume la Pichi, akamtia mikononi.

"Nilimgombeza sana," anasema Bi Verna. "Nikamwambia unagawa chakula chetu. Akanijibu, dume tu hilo, Verna, acha mtoto alale."

Wade alifungua fundo. Alitoka Biskuti, dume lile lile, mzee sasa, mwenye kovu la kung'atwa na panya shavuni, rangi yake ile ile. Bi Verna alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia, na Wade akasimama pembeni hajui aweke wapi mikono.

"Ninakuazima, sikupi," Wade alisema mwishowe. "Wanangu watanifukuza nyumbani."

Biskuti alikaa bandani siku nyingi bila kumtazama jike yeyote. Kisha asubuhi moja Ruben akamkuta amesukana mikia na jike wa kahawia, akakimbia hadi dirishani kwa Bi Verna kumwambia. Jike huyo ndiye "ameanza" wa asubuhi ya leo.

Akitaga, Bi Verna atawapigia simu watu wote wa zamani, hata walionuna. Mkasi wa kucha wa Harlan upo. Madume watakaotoka atawabakiza. Majike atawagawa kwa watu watakaoapa kutowapandisha, wakae wazeeke kwa raha zao.

Mayai yenyewe hataki kuyaweka kwenye mashine ya kuangulia. Anataka kumpa Maybelle ayalalie, kama Harlan alivyowaachia majike zamani, kabla hawajanunua mashine.

"Na akiyakataa?" Ruben anamuuliza, ameegemea mlango wa banda.

"Mashine ipo, nitaiwasha. Lakini hatayakataa."

Anajua anachosema. Mwaka ule Maybelle alipotaga viza, aliyazunguka na kuyakumbatia, akagoma kula, akakonda mpaka uti wa mgongo ukaonekana. Bi Verna alimnyang'anya moja moja. Kisha akamwosha kwa sabuni mwili mzima na droo yake, ndivyo wafugaji wafanyavyo, ili harufu ya mayai imtoke, asahau, ale.

Anamvuta tena Maybelle, anamwangalia pale kwenye bakuli lake la maji, tumbo juu.

"Safari hii," anasema, "simwoshi mpaka watoto watoke."