Mkwe Wangu, Bastola na Masikio Yake

Leo nimemgombeza mkwe wangu mbele ya rafiki zake, na sijutii!

Kanunua kiwambo cha kupunguza mlio wa bastola. Ukitaka unakifunga kirefu, ukitaka unatoa kipande kinakuwa kifupi. Tukaenda naye na rafiki zake uwanja wa shabaha, nje ya mji wa Lewisville huku ughaibuni, alinganishe.

Kifupi: PAA!
Kirefu: pu!

Haya, kirefu kimeshinda, hata mimi nimesikia.

Basi bwana akavua vikinga masikio. "Mama, kwa hiki sivihitaji."

"Vaa! Mlio bado unaumiza masikio. Mkeo anajifungua karibuni. Mtoto akilia, nani atamsikia, jirani?"

Rafiki zake wakacheka. Kwetu mkwe hamjibu mama mkwe.

Akavaa. Nikasimama nyuma yake mpaka risasi ya mwisho.

Nyie mngenyamaza?