Shimo la Choo cha Mama

Magoti ya mama yangu yalipochoka kufika choo cha mwisho wa uwanja, niliamua kumjengea kingine karibu na dirisha la chumba chake. Mchimbaji nilimchagua mwenyewe, kwa kiburi: mwanaume wa parokia yetu, aliyechimba madini kwa mkono miaka mingi upande wa Fungurume. Hapa Kolwezi, anayeshuka kwenye udongo wetu na kupanda mzima ndiye tunayemwita fundi. Nilijisifu kwa majirani kwamba nimepata mtu.

Na alikuwa mtu kweli. Siku ya pili alizungushia shimo turubai ili, kama alivyosema, watoto wa jirani wasitumbukie. Udongo aliutia kwenye mifuko, akauondoa kwa baiskeli kila jioni. Mafundi wote niliowahi kuwaita waliniachia takataka, lakini huyu aliniachia uwanja safi. Nilimpikia bukari, ugali wetu, na samaki kwa mikono yangu.

Wiki ya pili mama aliniita chumbani.

— Mutoto yangu, kuko mutu anagonga chini ya kitanda yangu.

— Ni masikio, mama. Fundi anachimba kule inje.

— Hapana. Ni hapa chini.

Nilimnunulia dawa ya masikio. Asubuhi na jioni nilimlaza ubavu, nikamtilia matone, naye alikubali kimya. Kimya kile kinaniuma hadi leo. Fundi naye nilimsimulia, tukacheka wote.

— Bazee, mama, akaniambia, banasikiaka bitu mingi.

Jumapili iliyofuata mama alikuwa anavaa kwenda misa. Nikasikia kishindo, kisha akaniita kwa sauti ambayo sikuijua. Sakafu ilikuwa imebomoka kando ya kitanda, na mguu wake wa kulia umezama hadi paja. Majirani walipokwisha kumtoa, mmoja alimulika ndani. Njia ya kumtosha mtu ilitoka kwenye shimo la choo, ikapita chini ya ukuta, ikafuata mawe meusi ya kobalti hadi chini ya kitanda. Kuta zake zilichongwa vizuri sana. Fundi hatukumwona tena, hata kanisani.

Nina hasira naye, lakini najikasirikia zaidi mimi. Mji mzima unajua shimo la choo linaweza kugeuka mgodi, nami nikawa nasifia usafi wa uwanja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Shimo tumelifukia. Mama sasa analala sebuleni, na haja zote anazifanyia kwenye beseni ninalomletea. Juzi, nikimfunika, nilimuuliza kama anaumwa, kama anahitaji kitu.

Aligeuka ubavu taratibu, akanielekezea sikio.

— Leta dawa yako, akasema.